Maman Marguerite na Mnara wa Komanda

Ndugu, jirani na marafiki mliopanda kilima hiki tangu asubuhi, sogeeni penye kivuli, mtusikilize, maana maisha ya Maman Marguerite Nyiransabimana tunayajua kwa tarehe zake, lakini kuna mahali ambapo sisi wenyewe, watu wa nyumbani kwake, bado hatuyaelewi, na hatutajifanya tunayaelewa mbele ya jeneza lake.

Marguerite alizaliwa Giheke tarehe 12 Machi 1957, mtoto wa pili wa mzee Ntabaza na mama Mukabera, na mwaka 1960 wazazi wake walimvusha mto Ruzizi akiwa mgongoni, wakakaa Bukavu, ambako alisoma kwa masista mpaka mwaka wa tano wa shule ya msingi. Mama yake alipougua mwaka 1970 aliacha shule, akaanza kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni, kazi aliyoifanya mpaka mwaka huu, na wanaouza naye wanajua kwamba alimwongezea samaki kila mnunuzi aliyesema ana mimba, wala hakuwahi kutazama tumbo.

Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa na Adrien Mutabazi, fundi wa injini katika boti ya mizigo iliyokwenda Goma na kurudi, na Mungu akawapa Hugues mwaka 1978, Dative mwaka 1982, na Tumukunde mwaka 1990. Mwezi wa Oktoba 1996, vita vilipokaribia Bukavu, Papa Adrien alikuwa ndani ya boti, na boti ile haikurudi. Wengine walisema ilionekana Idjwi, wengine kwamba ilizama, wengine kwamba mabaharia walishuka wakaingia msituni, na baadaye mtu mmoja aliapa kwamba alimwona Kisangani akiuza sabuni. Marguerite alivuka tena Ruzizi na watoto, akapewa kiwanja hapa Nkanka, akaendelea kuuza sambaza, na kila jioni akamwekea Papa Adrien sahani yake ya chakula, akaifunika.

Juu ya kilima hiki, kama mnavyouona, upo mnara wa mawe uliojengwa na Wabelgiji kumkumbuka afisa wao mmoja wa meli za kivita, ambaye jina lake limeliwa na mvua, nasi tunamwita Komanda tu. Watu wa hapa waliamini kwamba amezikwa ndani, na Marguerite aliposikia kwamba ni mtu wa maji, tena hana ndugu wa kumtembelea, alianza kupanda kila Jumapili baada ya misa, akafyeka majani kuuzunguka mnara, na kwa kuwa kwetu mtu haendi penye msiba mikono mitupu, akaweka ndizi mlangoni. Ndizi hizo zililiwa na mbuzi wa jirani yetu Hakizimana, ambaye alikuwa akimtania njiani, “Maman Hugues, ule komanda ni shemeji yako, ao? Mbuzi zangu zinamushukuru sana,” naye akamjibu bila kukasirika, “Hata yeye alikuwa na mama yake.”

Mwaka 2000 Hugues alimchumbia Gracia, binti wa Bukavu, na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu nyumba ambayo matanga yake hayajamalizwa haifanyi arusi. Nsabimana, mdogo wake Papa Adrien, alikuja na wazee wa familia, akasema, “Shemeji, nyumba haiwezi kulia na kucheza siku moja. Tumalize matanga ya kaka, batoto baoane.” Marguerite akawajibu, “Munionyeshe kwanza pahali amelala. Mimi siwezi kuua muntu ambaye sikumuona akikufa.” Wazee wakaenda, wakarudi, wakaenda tena, na kila Gracia alipokuja kusalimia, Marguerite alimpa kiti kizuri kuliko vyote, akamkaangia sambaza, kisha alipoondoka akalia, maana aliona kwamba anawafunga watoto wawili wasio na kosa.

Mwezi wa Agosti 2001 alikuja bibi mmoja Mbelgiji, mtoto wa dada yake Komanda, akiletwa na Mukengere, mfanyabiashara wa Bukavu aliyekuwa akimtafsiria. Marguerite alikuwa amekaa mlangoni pa mnara, akainuka, akamwachia nafasi kama anavyoachiwa mwenye msiba, akamwambia pole, na kwamba mtu wake ametunzwa vizuri. Bibi alisikiliza, akashangaa, ndipo Mukengere akageuka na kusema, “Maman, anasema humu ndani hamuna muntu. Mjomba wake alizama na meli, hawakumuona tena. Mama yake ndiye aliomba bajenge hii, apate pahali pa kusimama.”

Marguerite alikaa chini kwenye majani aliyokuwa ameyafyeka. Akauliza, “Sasa balilia nini?” Mukengere akasema, “Balilia yeye.” Akauliza tena, “Na kama angerudi?” Bibi alipotafsiriwa hilo alicheka kidogo, akajifuta macho, akasema kwamba mama yule alimngoja mwanawe mpaka siku ya kufa kwake, na mnara ulikuwa umeshajengwa. Kisha, kwa kuwa jua lilikuwa kali, akavua kitambaa chake cha shingoni, akamfunga Marguerite kichwani.

Kwa miezi mingi Marguerite hakuwa na raha. Siku moja alisema bibi yule amechanganyikiwa, siku nyingine akasema ni yeye mwenyewe, akamwuliza padri kama mtu anaweza kuliliwa na bado akangojwa, na padri, tunamshukuru, alikiri kwamba hajui. Tarehe 16 Februari 2002 alimwita Nsabimana, akanyoa nywele zake, matanga yakamalizwa, na tarehe 6 Julai Hugues na Gracia wakafunga ndoa. Lakini jioni ileile ya kunyoa aliweka sahani, akaifunika, na Nsabimana alipomwuliza, “Shemeji, si tumemaliza?” akamjibu, “Matanga yamekwisha. Chakula bado.”

Tangu Januari mwaka huu wa 2003 moyo ulimsumbua na miguu ikavimba, akafurahi kumbeba mjukuu aliyezaliwa Aprili, na tarehe 9 Juni, saa kumi alfajiri, akafariki hospitalini.

Tunawashukuru madaktari, na muuguzi aliyekuwa akimgeuzia mto upande wa baridi. Hakizimana na wenzake waliombeba kwenye machela mpaka barabarani. Na akina mama wa sambaza, ambao tangu alipolazwa hawajamruhusu mtu kupanga samaki mahali pake.

Jana tulibishana kama msalaba uandikwe mjane au mke, nasi tumeandika mke wa Adrien, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuapa vinginevyo. Maman, kama umemkuta huko, mwambie watoto wameoana vizuri. Na kama hukumkuta, usihangaike kumtafuta, akija huku tutampokea sisi, na chakula atakikuta. Pumzika, amani iwe juu yako.