Hakuugua kwa Muda Mfupi

Ndugu, jamaa na majirani, kaka yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, mtoto wa kwanza wa fundi saa na mkewe, mpishi wa hospitali. Mimi ndiye niliyemfuata, na kwa kuwa tulizaliwa wawili tu, kazi ya kusoma wasifu huu imeniangukia. Baba mdogo, mwenyekiti wa mazishi haya, alinikabidhi ukiwa umeshachapwa, nanyi mnao mikononi. Nimeukubali wote isipokuwa mstari mmoja. Nitaufikia, na baba mdogo anisamehe kabla sijafika.

Marehemu alianza shule ya msingi mwaka 1971. Alikuwa mwepesi wa masomo na mzito wa kuamka, na mama alimwamsha kwa maji zaidi ya mara moja. Baadaye alijiunga na chuo cha ualimu, akasomea biolojia, na kila likizo darasa lake nilikuwa mimi. Nikiinuka ghafla na kuona kizunguzungu, alinishika mkono asinipe nafasi ya kuanguka. "Tulia, damu imekimbilia miguuni," aliniambia. "Kwenye mishipa ya shingo kuna walinzi. Wameshaona presha imepungua, wamepeleka taarifa kwenye ubongo, na ubongo umeuamuru moyo uongeze mwendo na mishipa ijibane. Umeona? Kimekwisha, na wewe hujafanya lolote." Niliamini kila alichosema. Nimeendelea kumwamini hivyo hadi mwezi huu.

Mwaka 1987 aliajiriwa kufundisha sekondari, na hata alipostaafu alibaki shule hiyohiyo kwa mkataba hadi mwisho. Wanafunzi mliojaa hapa mnamwita Mwalimu Mapigo, na mnajua jina lilikotoka. Aligeuza jengo la madarasa kuwa moyo: vyumba viwili vya kulia, viwili vya kushoto. Mlishika madaftari ya bluu, mkaingia kwa kulia, mkatoka hadi uwanjani, palipokuwa mapafu, mkabadilisha mkachukua mekundu, mkarudi kwa kushoto na kutolewa mbio kuzunguka shule nzima. Milango ilifunguka upande mmoja tu. Aliyejaribu kurudi nyuma aligonga pua, na mwalimu alipaza sauti, "Hiyo ndiyo vali!" Siku moja mwalimu mkuu alikuja kusimama katikati ya korido, akauliza fujo ile ni ya nini. Marehemu akamjibu kwa heshima zote, "Si fujo, mkuu, ni mzunguko wa damu. Ila hapo uliposimama umeziba mshipa." Mkuu alisogea.

Alifundisha na jambo jingine, nalo aliliandika ubaoni kwa chaki nyekundu kila mwaka. Presha ikikaa juu kwa muda mrefu, wale walinzi wa shingoni huizoea. Hudhani ndiyo kawaida, na hawapigi tena kelele. Kwa hiyo, aliwaambia, msisubiri kusikia kitu, nendeni mkapimwe.

Mwaka 1991 alimwoa wifi yangu, msusi. Walikutana kwenye benchi la kungojea picha za pasipoti. Kaka aliomba amhesabie mapigo ya moyo, akamshika kifundo cha mkono, na wifi husema hadi leo hajaambiwa yalikuwa mangapi. Walipendana kweli, sitawanyima hilo. Walijaliwa watoto watatu, na nyumbani kwao kicheko hakikukatika.

Mwaka 2011 mama yetu aliamka asubuhi, akaweka chai mezani, akaanguka. Ilikuwa presha, na hatukuwa tukijua kwamba anayo. Baada ya kumzika, mimi na kaka tulipimwa. Mimi nilikutwa salama. Yeye alikutwa nayo juu, akaandikiwa vidonge vya kila siku. Tukapeana mkono kwamba kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi atakuja kwenye chumba changu cha kushonea, nami nitampima kwa kipimo alichokinunua yeye mwenyewe. Hakukosa hata mara moja. Alikunja mkono wa shati, akatania kwamba mimi ndiye niliyembana na si kipimo, na namba zilikuwa nzuri miaka yote. Kila alipoondoka nilishusha pumzi, nikarudi kwenye cherehani yangu kwa furaha.

Sasa nimefika kwenye ule mstari. Imeandikwa: "Aliugua kwa muda mfupi." Juzi nilimwomba baba mdogo tuufute. Akaniambia, "Mwanangu, ndivyo inavyoandikwa. Watu wanataka kusikia kwamba hakuteseka." Nikamjibu, "Watu wanataka, lakini si kweli." Akasema msiba si mahali pa kufukua mambo. Mimi naona tunafukia mtu, basi angalau tusifukie na sababu.

Alianguka mbele ya darasa, chaki mkononi. Hospitali daktari alituambia mshipa wa kichwani umepasuka. Kisha wakampiga picha ya moyo, daktari akatuita mimi na wifi, akatuonyesha ukuta wa upande wa kushoto ulivyokuwa mnene. "Moyo ukisukuma damu dhidi ya presha kubwa hujijenga msuli, kama mbeba mizigo," alisema. "Huu umebeba miaka. Alikuwa anatumia dawa?" Nikamwambia kwa kujiamini kwamba anatumia, namba zake ninazo mimi. Wifi akaangalia sakafu.

Wifi alipotoka nje nilimfuata. Akalia, akasema, "Wifi, alinikataza nisikwambie. Vidonge vilikuwa vinampeleka msalani katikati ya kipindi, wanafunzi wanacheka. Akasema yeye hajisikii mgonjwa, vidonge ndivyo vinavyomtia ugonjwa. Alikuwa anaanza kuvimeza siku chache kabla ya kuja kwako, akitoka kwako anaviacha."

Nimesalitiwa. Najua ni neno kubwa kulitamka hapa, lakini sina jingine. Wifi alijua, akanywa chai kwangu akijua. Kaka aliniletea mkono uliotayarishwa, akaniangalia nikishangilia. Na aliyefanya hivyo si mtu asiyeelewa, ni yule aliyeandika kwa chaki nyekundu kwamba usisubiri kusikia kitu. Angeniambia tu kwamba dawa inamsumbua, tungerudi kwa daktari akabadilishiwa. Ningegomba, ndiyo. Hilo ndilo alilolikimbia, ugomvi wa dadake.

Alifariki tarehe 14 Oktoba 2025 bila kufumbua macho, kwa hiyo sikupata hata nafasi ya kumgombeza. Mliokuja na kalamu, futeni "muda mfupi", andikeni "miaka kumi na minne".

Na sijasema haya ili kumvua nguo marehemu. Tulipokuwa tukingoja wodini, muuguzi alitupima sote tuliokaa kwenye benchi. Mtoto wa kwanza wa marehemu, fundi umeme, kijana mwenye afya kama mnavyomwona, alikutwa nayo juu. Akacheka. "Mimi mzima, shangazi," akaniambia. "Sisikii kitu." Baba yake alikuwa amelala mlango wa pili. Ni huyu ninayemhofia sasa, na ndiyo maana nimekataa kusoma uongo mbele yake.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wawili, baba mdogo na dada mmoja. Mtoto wa kwanza alipewa vidonge. Leo asubuhi, kabla jeneza halijatoka ndani, nilimvuta jikoni nikamuuliza kama amemeza. Akanishika bega, akaniangalia machoni kwa upole, akasema, "Nimemeza, shangazi."

Kaka, amani uipate huko uendako. Mimi nimemwambia mwanao afungue kinywa nione.