Kikombe cha Buluu cha Wamae

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Aliye na sufuria jikoni apunguze moto kidogo. Leo tunamkumbuka Wamae wa Kihara, karani wa maziwa kule Mukurweini. Alizikwa Jumamosi iliyopita, mwezi huu wa Agosti 1980. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Thelathini na minne tu, jamani!

Watu wa Mukurweini, mlimjua kwa kikombe chake. Kikombe cha bati, cha buluu, kimefungwa kwa kamba kwenye baiskeli. Kila asubuhi alipita akipima maziwa ya wakulima, na kila alipokaribishwa chai alifungua kikombe chake, akajimiminia maji aliyotoka nayo nyumbani. Akina mama walimtania. "Karani, ati chai yetu itakuuma?" Naye alicheka, akapanda baiskeli yake.

Lakini haukuwa mzaha. Baba yake, Mzee Kihara, alifariki mwaka wa 1959, Wamae akiwa na miaka kumi na mitatu. Kihara alikuwa amealikwa kwa jirani yake Gatimu, siku ya mahari ya binti ya Gatimu. Akanywa pombe ya muratina, akarudi nyumbani ameshika tumbo. Miezi miwili baadaye akafa, amekonda, anatokwa damu. Kijiji kizima kikasema Gatimu amemtilia sumu. Tangu siku hiyo, hakuna mtu aliyekula wala kunywa kwa Gatimu. Hata mkewe Ngendo alipokufa, watu walizika wakaondoka, hakuna aliyegusa sahani.

Kikombe kile kilinunuliwa na mama yake Wamae, Mama Wakonyo. Alimwambia, "Usinywe kwa mtu, mwanangu. Nimebaki na wewe tu kijana wa hii nyumba."

Basi mwisho wa mwaka wa 1977, Wamae akaanza kuona damu chooni. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Nani anapenda kusimulia mambo ya choo? Akanyamaza. Tumbo likamsokota, suruali zikampwaya. Na mawazo yake yalikimbilia wapi? Kwenye sumu! Akakumbuka harusi moja ya Karatina, alikopewa soda ikiwa imeshafunguliwa, akainywa. "Mama," akasema, "nimepatikana." Wakonyo alilia, akampeleka kwa mtu wa mitishamba ili aitapike hiyo sumu. Akatapika miezi minane. Miezi minane, wasikilizaji wapendwa, na ugonjwa unamla.

Mkewe, Wachuka, ndiye aliyekataa. Mtoto wao wa kwanza anaitwa Kihara, jina la babu yake kama desturi ilivyo. "Nilimwambia, Baba Kihara, hii ni sumu gani inakaa mwaka mzima? Twende hospitali ama nirudi kwetu," anasema Wachuka.

Wakaenda Nyeri mjini, wao na Mama Wakonyo. Baada ya vipimo, daktari hakuzunguka. Ni kansa ya utumbo mpana, alisema. Akauliza kama kuna mtu wa familia aliyewahi kuugua hivyo.

"Hapana," Wamae akajibu. "Baba yangu aliwekewa sumu." Akaeleza yote, pombe, tumbo, damu.

Daktari akaweka kalamu chini. Akamgeukia Mama Wakonyo, aliyekuwa ameketi na kiondo magotini. "Mama, hiyo damu ilianza siku ya pombe?"

Wachuka akamshika mkono Mama Wakonyo, naye akatikisa kichwa. "Hapana," akasema. "Ilianza mwaka mmoja mbele ya hiyo pombe. Mimi ndiyo nilikuwa nafua nguo zake. Aliniambia, ukisema nitaona haya."

Narudia, ili kila mtu asikie. Mzee Kihara alitokwa damu mwaka mzima kabla hajaonja pombe ya Gatimu. Gatimu hakumtilia mtu kitu.

Wamae alipasuliwa. Walimkata kipande cha utumbo, wakamfungulia njia ya choo tumboni na kumwekea mfuko. "Nikiuosha, alikuwa anageuza uso ukutani," Wachuka anasema. "Nikamwambia, niangalie, mimi si mgeni wako." Akiwa bado kitandani, Wamae akamtuma dada yake, Murugi, akapimwe. Murugi alikutwa na kivimbe kidogo, kikatolewa mapema. Murugi yuko hai, anatusikiliza sasa hivi.

Alipoweza kutembea, Wamae alishika njia ya kwa Gatimu. Mzee alikuwa anamfunga ng'ombe.

"Mzee, niko na kiu."

Gatimu akamwangalia mikono. "Kikombe yako iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani."

Mzee aliingia jikoni, akakaa sana huko. Alitoka na chai katika kikombe kimoja. Nyumba nzima haikuwa na kingine, maana ni nani alikuwa anakuja? Wamae akanywa nusu, akampa mzee nusu. Siku iliyofuata akarudi na kile cha buluu, akakitundika msumarini kwa Gatimu. Alienda kunywa chai pale karibu miaka miwili.

Mwaka huu kansa ilirudi, ikaingia kwenye ini. Hakuna aliyeweza kumwokoa. Inauma, wacha niseme ukweli.

Siku ya mazishi, Mzee Gatimu alikuja na birika lake na kikombe cha buluu. Akamimina, akanyoosha mkono. Watu wakaangalia chini. Ndipo Mama Wakonyo akainuka, akakipokea, akanywa chote. "Nilijua ya damu," aliwaambia watu. "Nikanyamaza kwa haya, nikawacha mkamhukumu huyu. Gatimu, nisamehe." Mzee akainua birika tena. Alimwongezea chai.

Wachuka, pole sana. Kihara mdogo, Murugi, Mama Wakonyo, poleni, tunalia pamoja nanyi. Nanyi mnaonisikiza, ukiona damu chooni, sema, hata kama una miaka ishirini. Na leo hii kaa na wazazi wako, uwaulize babu aliugua nini hasa, na kwa muda gani.

Na wewe, Mzee Gatimu, pole kwa kufiwa na mgeni wako.