Mzee Bisibisi na Mlango wa Chumba cha Saba

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Bisibisi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Alikuwa wa kwanza kati ya wawili. Wa pili ni mdogo wake anayesoma wasifu huu, na wote mnajua nani alipewa sura.

Alianza shule mwaka 1959 akaishia darasa la sita. Hesabu alizijua kuliko mwalimu, na katika useremala alipenda somo moja tu: bawaba.

Mwaka 1970 aliajiriwa kwenye ghala la mbao. Baada ya miaka mitano ya kula mara moja kwa siku alinunua vyumba vinne, na hadi anatutoka vilikuwa kumi na vinane. Hakuwahi kumfukuza mpangaji, wala kwenda mahakamani. Tarehe tano, saa kumi na mbili asubuhi, alibisha hodi.

"Ipo?"

"Mzee, nivumilie wiki moja."

"Haya. Shika hapo chini, mwanangu, usije ukaumia mguu."

Mpangaji akashika mlango wake mwenyewe huku marehemu akilegeza skrubu. Mlango ukaenda stoo, mpangaji akabaki na tundu, majirani wakiona mpaka sufuria zake. Wengi walilipa kabla ya magharibi. Hakumtukana mtu maishani, na hilo wapangaji mliopo hapa mnalijua.

Tarehe 9 Agosti 1977 alifunga ndoa. Alikuwa amekwenda kung'oa mlango wa baba mkwe, binti wa nyumba akatoka kushika upande wa pili, wakaubeba wawili hadi stoo wakicheka. Baba mkwe alirudishiwa mlango siku ya harusi. Deni lilibaki palepale.

Mwezi Februari mwaka huu, 2023, figo zilianza kumsumbua na miguu ikavimba. Hata hivyo tarehe 5 Aprili alibebwa na kiti chake hadi chumba cha saba, kwa mama anayefua nguo za watu. Mama huyo alikuwa amekosa kodi ya miezi miwili kwa sababu ya kumlaza bintiye hospitali. Marehemu alielekeza kwa kidole, mwanawe mkubwa akafungua skrubu.

"Baba, mvua hii na mtoto ana kifua!" mama yule alilia.

"Ndiyo maana nakuhurumia, mama. Lete yote, uuchukue siku hiyohiyo."

Mama akatundika shuka mlangoni, akafua nguo za watu wiki kumi na moja.

Marehemu aliaga dunia Jumanne, tarehe 20 Juni, saa tatu asubuhi, akiwa ameacha agizo moja: "Msininunulie mbao za jeneza. Stoo zimejaa." Seremala akachagua mlango mnene kuliko yote.

Jana mama wa chumba cha saba alikuja na pesa kamili, zimefungwa kwenye leso. Mjane akazipokea, akazihesabu mara mbili.

"Haya, mama mwenye nyumba, mlango wangu?"

"Pole, mama. Umeshapigwa randa. Ndio kifuniko."

"Basi nipeni wowote. Wanangu wanalala nje wakiwa ndani!"

Mwana mkubwa akatikisa kichwa. "Dada, ile mingine ni milango ya watu. Sisi si wezi."

"Na pesa yangu?"

"Hiyo ni kodi. Umelipa, ahsante."

Marehemu angemsikia, angempa mkono. Damu ni damu.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, mdogo mmoja mwenye afya njema, vyumba kumi na vinane na milango kumi ambayo bado ina wenyewe. Waliokuja wakidhani madeni yanazikwa leo, samahani kwa usumbufu. Mwana mkubwa atapita tarehe tano.

Mama wa chumba cha saba yupo tangu saa mbili, amesimama kwenye kifusi cha kaburi na binti zake wawili. Seremala amemrudishia komeo na bawaba, amezishika mkononi. Tulimwomba akae kitini. Amesema atakaa mlango wake ukishashuka. Akina mama, mwacheni, msimsogeze.

Apumzike mzee wetu kwa utulivu, na mtu asimgongee.