Nilimtuma Ikola Wakati wa Giza

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wenye mkono mwepesi, asifiwe na sisi wenye mkono mzito!

Haya nimeyaandika kwanza kwenye daftari, sasa nasoma. Mniwie radhi. Nikiongea bila karatasi najijua, nitaanza kujitetea. Hata hivi nimefuta mara tatu.

Nyie mnanijua kwa kazi ya kuchora. Shule niliachia darasa la tano, nikajifunza mwenyewe kuandika majina kwenye maduka na mashine za kusaga hapa Mpanda. Sikuajiriwa na mtu. Brashi zangu, rangi yangu, miguu yangu. Miaka mingi mtu akitaka bango alinitafuta mimi, nikadhani ni kwa sababu najua. Labda ni kwa sababu nilikuwa peke yangu.

Riziki yangu kubwa ilikuwa Ikola, kule ziwani. Wavuvi wa dagaa wa kule wanavua kwa karabai wakati wa giza, mwezi usipoonekana. Mbalamwezi ikitoka, dagaa hawafuati taa tena, basi maboti yanavutwa mchangani, nyavu zinashonwa, na mchoraji anapata kama wiki moja ya kuandika majina na kupamba. Giza likirudi, hakuna mvuvi atakayekuacha uguse chombo chake.

Ndipo Elisha akashuka kwenye treni ya Tabora, yeye, mkewe na mtoto mmoja. Mchoraji kama mimi. Akaja kanisani hapa, akakaa benchi langu. Nitende haki: mwanzoni nilimpokea vizuri. Nilimpa nusu kopo la rangi nyeupe bila kumdai kitu. Hilo liandikwe upande wangu, maana upande ule mwingine ni mrefu.

Kisha akachora ng'ombe kwenye bucha la sokoni. Ndugu zangu, yule ng'ombe! Nilisimama pale nikimtafutia kosa, sikupata. Mzee mmoja Msukuma, mfugaji, akamwangalia kuanzia pembe hadi kwato, akasema, "Huyu ana mimba ya miezi mitano." Watu wakacheka. Mmoja akauliza, "Na yule wa bucha la juu, mzee?"

Yule wa bucha la juu nilimchora mimi.

"Yule si ng'ombe," mzee akasema. "Yule ni mbwa kafungwa pembe."

Nilicheka nao. Nikafika nyumbani, chakula hakikupita. Wiki iliyofuata mwenye bucha la juu akanijia kwa adabu. "Fundi, usinielewe vibaya. Nimpake chokaa yule wako, Elisha aanze upya?" Nikasema hakuna shida. Ndugu zangu, shida ilikuwepo! Elisha akiimba kwaya, nilisikia anakosea sauti. Akiomba, niliona anaomba kwa kujionyesha. Mtoto wake akaumwa homa, nikaenda kumwona na machungwa mkononi, huku ndani yangu kitu kinasema, sasa watarudi kwao. Naona aibu kulisoma hili. Lakini nililiandika, nalisoma.

Siku moja masika mwaka jana, mwaka wa tisini na tano, nimerudi kutoka Ikola mbalamwezi inaisha, akanikuta nashusha gunia la dagaa. "Kaka, na mimi nielekeze. Kule kazi inapatikana lini?"

Nikamwambia, "Siku hizi nilizokwenda mimi hazikuwa nzuri. Nenda sasa, giza linapoingia. Ndiyo wanaandaa vyombo."

Nilisema hayo nikiwa na rangi ya maboti sita kwenye kucha. Mtu wa Tabora atajuaje mambo ya ziwa? "Mungu akubariki, kaka," akanijibu. Kesho yake akapanda lori.

Wiki ya kwanza ikapita, hakuna habari. Ya pili, kimya. Mkewe akaja kwangu, mtoto mgongoni. "Shemeji, ulimwambia atakaa siku ngapi? Unga umeisha." Mke wangu akampimia unga.

Mnaikumbuka Jumapili ile? Mlifunga kwa ajili yake. Mchungaji akasema, aombe huyu, ndiye rafiki yake. Nikasimama hapa hapa. Nikasema, "Baba," nikakwama. "Baba, umrudishe..." nikakwama tena. Mkadhani ni upendo. Dada mmoja akanishika bega. "Jikaze, kaka, una moyo wewe." Ndugu zangu, sikuwa na moyo! Ulimi ulikataa kuomba arudi kwa sababu sikutaka arudi. Hapo nikajiogopa. Sijui kama ile ilikuwa sauti ya Bwana, mimi si mtu wa kusikia sauti. Najua tu kwamba Jumatatu nilikuwa juu ya magunia, kwenye lori la kwenda Ikola.

Nilimkuta anageuza dagaa mchangani pamoja na akina mama, analipwa chakula. Hajagusa boti hata moja. Nauli hana, anasubiri mbalamwezi. Na aliponiona alifurahi! "Kaka! Wamenicheka sana hapa. Nimewaambia ndugu yangu alichanganya siku tu."

"Sikuchanganya," nikasema. "Nilikudanganya. Nakuonea wivu."

Akaendelea kugeuza dagaa mpaka akamaliza safu nzima. Ndipo akasema, "Nilishajua. Nilikuwa naomba iwe ulichanganya."

Hakunikumbatia. Siku mbili nilipata salamu tu, na alikuwa na haki.

Mbalamwezi ikatoka, maboti yakavutwa, wateja wangu wakaniita. Nikawaambia, "Mchukueni huyu. Mkono wake unapita wangu." Nilitegemea wabishe kidogo. Mwenye boti mmoja akajibu, "Afadhali umesema mwenyewe, fundi. Samaki wako ana sura ya kiatu." Wakacheka, Elisha naye akacheka. Iliuma, nisiwadanganye. Lakini mchana ule nilikula ugali nikashiba, kitu ambacho sikukipata tangu yule ng'ombe wa sokoni. Tukagawana kazi: yeye picha, mimi majina. Herufi zangu zimenyooka, hilo hata yeye anakubali.

Tuliporudi, mlimuuliza kilichomchelewesha. Akasema barabara ilikuwa mbaya. Ni kweli, ilikuwa mbaya. Yaliyobaki aliniachia mimi. Mwaka mzima nimenyamaza, huku nyie mkiniita rafiki wa kweli. Kumbe mlishinda na njaa kwa kosa langu! Naomba mnisamehe. Mama wa nyumba ya Elisha, wewe zaidi.

Je, wivu umeisha? Juzi alichora ukuta wa zahanati, nikapita njia nyingine nisiuone. Kisha nikarudi, nikamwambia, "Elisha, leo nimekuonea wivu tena." Akasema, "Haya, shika brashi." Nikashika. Ndivyo Bwana anavyoniponya, kidogo kidogo, na kila mara lazima niseme kwa mdomo. Namshukuru Bwana! Mtegemeeni, hakuchoka na mimi.

Labda kuna mtu hapa anaimba kitabu kimoja na jirani yake, na moyoni anamtakia aanguke. Mimi sikujui, ila Bwana anakujua. Njoo mbele. Usiogope aibu, wa kwanza kuonekana ni mimi, nimeshasimama.