Dinah Iveson, Aliyetunza Maneno ya Wanywaji Bila Kuonja Tone

Marehemu Dinah Iveson, ambaye wageni wengi waliisikia sauti yake kabla hawajaiona sura, alizaliwa tarehe 3 Machi 1936 hapa Thornsgill, Yorkshire, mtoto wa tatu wa Matthew na Agnes Raw. Baba yake alifuga kondoo na alikuwa mzee wa kanisa la Kimethodisti. Mimi ninayesoma ni Ruth, binti wa kaka yake. Kwangu alikuwa Shangazi.

Alisoma shule ya kijiji hadi mwaka 1951. Alipokuwa na miaka tisa, yeye na watoto wote wa shule ya Jumapili waliapa kutogusa kileo maishani. Watoto wale tunawajua, wengine wamekaa hapa mbele yangu, na viapo vyao tunajua viliishia wapi. Dinah chake alikishika hadi kufa.

Kwa hiyo mwaka 1954, alipokwenda kufanya kazi ya kufagia kwenye baa ya Kondoo Mweusi, baba yake, yaani babu yangu, alinuna mwaka mzima. Mwenye baa, Mzee Kit Peacock, alikuwa na maneno ya kale ya unywaji ambayo hata wazee wenzake walikuwa wameyaacha. Glasi iliyojaa hadi ukingoni aliiita bumper. Mabaki yanayoachwa chini ya glasi yalikuwa heeltap. Mlevi wa kuaminika alikuwa tosspot, na Dinah akikuita hivyo ulijua umeshakuwa mwenyeji. Mzee Kit alipofariki mwaka 1963, Dinah alibaki na baa na maneno yake, akayatumia kila siku kama anavyotumia ufagio.

Watu walimuuliza, mtu asiyekunywa ana haja gani na maneno ya walevi? Alijibu, "Kwani mkunga lazima awe na mimba?"

Sheria yake ilikuwa moja: ukiacha heeltap, unaimaliza mbele ya watu, kisha unapindua glasi juu ya ukucha wa dole gumba. Likidondoka zaidi ya tone moja, unajaziwa upya na kuanza tena. Mwaka 1968 mchungaji mgeni aliacha sharubati kidogo chini ya glasi.

"Mchungaji, umeacha heeltap."

"Mama, hii si pombe. Ni sharubati tu."

"Na mimi si askofu, lakini nakwambia maliza."

Alimaliza, akapindua glasi, na kola yake ya uchungaji shingoni. Tangu siku hiyo kanisa lilijaa wanaume.

Alifunga ndoa na Wilfred Iveson, mchungaji wa kondoo, tarehe 11 Juni 1960, wakajaliwa Clifford na Thelma. Mzee Wilf ameniambia nisome yote, nisifunike kitu, basi nasoma. Mzee Wilf alikuwa mlevi. Alianza kwa furaha kama wote, akafika mahali ambapo mbwa wake ndiye aliyewarudisha kondoo nyumbani, na yeye mwenyewe pamoja nao. Shangazi alimvumilia miaka mingi, na machozi yake niliyaona.

Kulikuwa na desturi nyingine ya Mzee Kit, kikombe cha kikuku, yaani kile kipandio cha mguu kwenye tandiko: kinywaji cha mwisho anachopewa msafiri akiwa ameshapanda farasi. Kwenye Kondoo Mweusi, ukishawekewa hicho, humiminiwi tena. Siku ya mnada wa kondoo, Novemba 1979, baa imejaa, Dinah alikiweka mbele ya mumewe.

"Baba Clifford, hiki ni cha kikuku."

Watu wakacheka. Wilf naye akacheka. "Mke wangu, hata saa sita haijafika!"

"Safari ni ndefu. Ukirudi, rudi mkavu."

"Na nisiporudi?"

"Basi nitakulilia. Lakini nitakulilia mara moja, sio kila siku."

Hakuna aliyecheka tena. Wilf alikiacha kikombe kimejaa, akaenda kwa dada yake ng'ambo ya mlima. Alirudi masika, kondoo wanazaa, akabisha mlango wa nyuma, akaomba chai. Hajagusa pombe hadi leo. Shangazi hakuwahi kumsifia mbele za watu, ila alikuwa akimpikia chai mwenyewe, wala hakumruhusu mwingine aipike.

Oktoba mwaka jana alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulilala na ulimi ukawa mzito. Mzee Wilf alimlisha kwa kijiko miezi minne. Alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 14 Februari 2019, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Sasa lipo jambo ambalo kijiji kizima kinanong'ona. Ni Dinah aliyeirudisha hapa arvel, bia ya mazishi, na kwa desturi mfiwa ndiye anayekunywa kikombe cha kwanza. Wengine walishauri tuiruke, wengine tumpe Mzee Wilf maji. Nilimuuliza Shangazi akiwa kitandani. Alisema polepole, "Msiiruke. Mkiiruka mtamfanya Wilf aonekane mgonjwa. Mwulizeni mwenyewe."

Nilimuuliza juzi. Mzee Wilf hajasimama nyuma ya kaunta ya Kondoo Mweusi tangu arudi kutoka kwa dada yake, kwa kuogopa harufu ya pombe. Akaniambia, "Ruth, niletee funguo. Wao watakunywa. Mimi nitamimina."

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano na kitukuu mmoja.

Tukitoka makaburini, twendeni Kondoo Mweusi. Mtamkuta Mzee Wilf amesimama kaunta, anamimina polepole. Msimsaidie, na msimharakishe. Pokeeni kikombe, mtazameni machoni, mseme asante.

Lala salama, Shangazi. Pumzika, kazi umeimaliza.