Kivuli Kifuani

Tangu teksi itoke kituo cha Essence, Mwanvita, muuza vitenge, alikuwa akimtazama jirani yake aliyemkumbatia mtoto mchanga kana kwamba kuna mtu anataka kumnyang'anya.

"Papa, utamubana," akamwambia mwishowe. Kunyamaza hakukuwa desturi yake.

"Unisamehe, maman. Ni miezi mbili sikumubeba."

Alikuwa Gracien, mchimba dhahabu wa Kamituga. Miezi miwili nyuma mtoto alikohoa, huko kwao wakampiga radio, yaani eksirei ya kifua, na picha ikaonyesha kivuli kipana juu ya moyo. Kikohozi kilipona, kivuli kikabaki. Gracien akaamua kwamba ni vumbi la shimoni, ambalo yeye mwenyewe alilileta nyumbani kwa nguo zake. Akahamia kwa jirani, akawa anamsalimia mwanawe kutoka mlangoni.

Mwanvita aliichukua picha hiyo mapajani mwa Gracien, akaiinua dirishani kama mtu aliyesomea. "Lakini kivuli iko. Angalia namna iko mukubwa."

"Iko. Docteur wa huku mujini anasema ni tezi, batoto bote wako nayo. Inasaidia mwili kupigana na magonjwa. Akikomaa, inapunguka yenyewe."

"Na dawa?"

"Hakuna."

"Hata sirop?"

"Hata sirop. Nilimuuliza mara tatu. Aksanti Mungu."

Daktari asiyeandika hata sirop alimtia Mwanvita mashaka makubwa. "Mie ningeuliza mwingine," alisema.

Teksi ikasimama Nyawera. Gracien akashuka taratibu, kidevu chake juu ya kichwa cha mtoto.

"Papa, picha yako."

"Ubakiye nayo, maman. Mikono yangu imejaa."