Kasansa kwa Chaji Moja

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, Mstahiki Meya wa Manispaa yetu, Waheshimiwa Madiwani, Sheikh wangu, Sheikh Sadalla, Baba Paroko, wenyeviti wa mitaa, mafundi wa Mpanda mliokuja kuangalia kama nitatetemeka, majirani zangu, shemeji yangu Abuu, uliyekaa mstari wa mbele, binti yangu Raya, mabibi na mabwana. Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo.

Kamati ya maandalizi imenipa dakika tano, ikanipa na karatasi ya kusoma. Karatasi inasema nishukuru, nitaje vifaa vilivyomo ndani ya karakana, kisha nikae. Nimeikunja. Vifaa mtaviona wenyewe mkiingia. Mimi nataka kusema karakana hii imetoka wapi, maana nisiposema mimi, kesho mtaambiwa na mtu mwingine, na huyo atakosea kwa makusudi.

Mnanifahamu kama Mwanaiddi, mjane wa Nassib. Nassib aliyekuwa na duka la sola kule sokoni. Kwa miaka kumi na minane mlimletea taa zilizozimika, redio, betri zilizovimba, na mliporudi kuchukua mlimwambia, "Fundi, mkono wako una baraka." Ndugu zangu, Nassib alikuwa mfanyabiashara hodari na mume mwema, Mungu amrehemu, lakini bisibisi hakuijua ncha wala mpini. Aliyetengeneza ni mimi, nimekaa mkekani nyuma ya pazia. Yeye alitaka kuwaambia. Mimi ndiye niliyemzuia, nikihofu mkijua mtapeleka kwingine. Lile lilikuwa kosa langu, na leo nimelikomesha.

Sasa, Nassib akanunua gari. Gari dogo la umeme, la mtumba, lililotoka Japani likapitia Dar es Salaam, likafika Mpanda juu ya lori la saruji. Dashibodi yake ilikuwa inaandika Kijapani kitupu. Muuzaji alimwambia, "Ukilijaza linakwenda kilomita mia na sitini." Labda zamani, lilipokuwa bichi. Kwetu hapa lilikuwa linafika Kasokola na kurudi kwa kuhema. Siku tulipothubutu kwenda harusini Mwamkulu, lilitufikisha, lakini wakati wa kurudi likazima njiani, likavutwa na ng'ombe wawili mpaka mjini. Mimi nimo ndani na hina yangu, Nassib ameshika usukani kama mkubwa, watoto wanakimbia pembeni wanaimba, "Mkokoteni! Mkokoteni!"

Mnacheka. Chekeni tu. Hata siku ile mlicheka, na sura zenu ninazo.

Miezi mitatu baadaye Nassib alifariki. Presha, asubuhi, mkono ukiwa kwenye kufuli la duka. Nikaingia eda. Kwa wasiojua, mjane wa Kiislamu hukaa miezi minne na siku kumi. Hajipambi, na hatoki nyumbani bila dharura. Nikavua dhahabu zangu, nikakaa.

Baada ya arobaini wazee wakakaa kikao cha mirathi. Mimi nina binti mmoja, sina mtoto wa kiume, kwa hiyo shemeji yangu Abuu, mdogo wake Nassib, naye alikuwa na fungu lake kwa sheria, na sikulipinga. Duka likagawiwa, shamba likagawiwa. Likabaki gari. Wakatazamana. Shemeji, ulisema maneno haya, na watu wamo humu waliosikia: "Huo mkokoteni mpeni mjane. Kuku watatagia." Likawa fungu langu. Likabaki uani kwangu, mimi na lenyewe, wote tumefungiwa ndani ya ukuta mmoja.

Niwaulize: mwanamke anayejua betri, amefungiwa na betri, afanye nini? Afume vitambaa?

Nilimpigia Raya, aliyekuwa chuoni. Akawa ananitafutia maelezo kwenye simu, anayageuza Kiswahili, ananisomea jioni. Nikaelewa kwamba betri ya gari lile ni vipande arobaini na nane vilivyofungwa mstari mmoja. Kimoja kikichoka, vyote vinakoma pale kilipokomea hicho kilichochoka. Nikajua ugonjwa. Nikakata umeme mkubwa, nikavaa glovu nzito, nikafungua. Na hapa, vijana, nisikilizeni vizuri: nyie msiende nyumbani kujaribu. Umeme ule hautoi onyo, unaua. Anayetaka kujifunza aje hapa.

Nilipima kipande kimoja kimoja kwa mita. Tisa vilikuwa vimechoka kabisa.

Shemeji akaja kunijulia hali, akanikuta miguu tu inaonekana, mimi niko chini ya gari. "Astaghfirullahi! Shemeji, umo edani unalala chini ya gari?" Akaenda moja kwa moja kwa Sheikh. Kesho yake Sheikh Sadalla akafika, akasimama mlangoni, nikamweleza. Akawageukia Abuu na wazee waliofuatana naye. Halafu akasema, "Eda imemkataza kujipamba na kutoka. Kama mmeona mahali imemkataza kushika bisibisi, nionyesheni." Sheikh, maneno yale yalinilisha mwezi mzima.

Lakini vipande vipya ningevipata wapi, nami sitoki? Jirani yangu Cecilia, huyu anayeuza samaki wa Karema, ukuta wake na wangu mmoja, ndiye aliyekuwa miguu yangu. Zile dhahabu nilizozivua kwa ajili ya eda sikuzivaa tena. Nilimpa Cecilia, akaziuza, akatafuta dereva wa lori la mpunga, tukaletewa kutoka Dar es Salaam betri nzima ya gari lililopata ajali. Vipande tisa vikaingia mahali pa wale wagonjwa. Vilivyobaki vizima nikavifunga kuwa betri ya pili. Nikang'oa kiti cha nyuma, nikaijengea pale sanduku la chuma. Nikaweka matairi mapya membamba, nikayajaza upepo mpaka yakalia ukiyagonga. Mafundi wa mjini mkapita barabarani mkiambiana, "Mjane ana kichaa." Fundi Bartolomeo, usiiname. Sauti yako inavuka ukuta.

Eda ikaisha. Siku ya pili nikatoka na gari, kimya, halina mlio, nikazunguka soko lote. Ilipofika Ijumaa, Abuu akaitisha wazee.

"Gari lile tuligawa kama chuma chakavu," akasema. "Sasa ni zima. Lirudi kwenye mirathi."

Nikamjibu, "Likiwa mkokoteni ni la mjane. Likitembea ni la ukoo?"

Sheikh ndiye aliyeamua. Akauliza, "Gari mlilogawa lilikuwa linaishia wapi?" Wakasema Mwamkulu. "Basi kama leo linaishia Mwamkulu, ligawiwe upya. Likipita hapo, kilichozidi ni jasho lake, na jasho la mjane si mirathi."

Abuu akacheka. "Alipeleke Kasansa kwa dada yake, kwa chaji moja. Mimi nitakuwa nyuma na pikapu na kamba."

Kasansa, Mheshimiwa. Zaidi ya kilomita mia moja, kupita Sitalike, kukata hifadhi yote, mchanga, matuta, joto na ndorobo. Nikasema, "Nakwenda." Mkaguzi wa magari akaja kwanza, akalala chini yake, akatikisa kila nati, akasaini.

Tuliondoka asubuhi. Cecilia alikaa kando yangu na rozari yake. Nikamwambia, "Dada, wewe zungumza na Mungu, mimi nizungumze na betri." Nilikwenda polepole, baiskeli nyingine zikanipita. Hifadhini tukakuta tembo katikati ya barabara. Gari langu halina kelele, hakutusikia tukija. Tukasimama karibu kuliko mtu mwenye akili anavyosimama. Cecilia akaacha rozari akashika goti langu. Nyuma, pikapu ya shemeji ikapiga honi, tembo akageuka, akapanua masikio. Nikatoa mkono dirishani: zima! Abuu akazima injini. Tukakaa pale, sote kimya, mpaka mnyama akaamua mwenyewe kuondoka.

Tulipofika Kibaoni nilikuwa na theluthi moja ya chaji. Nikazima feni, tukafunga vioo upepo usituzuie, tukatoka jasho. Sitawadanganya kwamba sikuogopa. Niliogopa ile kamba kuliko tembo.

Tuliingia Kasansa adhuhuri, vimebaki vistari viwili vya chaji. Watu wakajaa. Mzee mmoja mfugaji akainama chini ya gari, akainuka, akauliza, "Mama, injini umeiacha wapi?"

Abuu alishuka kwenye pikapu. Alilizunguka gari mara mbili. Akaweka kiganja juu ya boneti, kama mtu anayempima mtoto homa. Halafu akasema, na Cecilia ni shahidi: "Kaka alinipigia simu siku moja kabla hajafa. Aliniambia, 'Gari hili mke wangu atalitengeneza, nyie ngojeni tu.' Nilimcheka." Akalia pale pale, mbele ya watu wa Kasansa.

Siku ile sikumjibu. Niliingia kwa dada yangu nikala wali. Shemeji, leo nakujibu, mbele ya hawa waliokusikia ukisema kuku watatagia. Gari nimekusamehe. Kejeli nimekusamehe. Lakini miezi minne nimekaa ndani ya kuta zile, nikijiuliza usiku na mchana kama mume wangu aliuamini kweli mkono wangu, au aliutumia tu. Na jibu ulikuwa nalo wewe mfukoni. Hilo bado sijakusamehe. Ninajitahidi. Umekuja leo, umevaa kanzu yako nzuri, umepanga viti kwa mikono yako tangu alfajiri, nimeona. Endelea kuja.

Baada ya Kasansa mlianza kuniletea vyombo vyenu vya umeme, ua wangu ukajaa, ndipo ikajengwa karakana hii. Sasa wiki iliyopita ukoo ulinijia na ushauri. Wamesema kibao cha karakana kiandikwe "Nassib na Ndugu", kwamba jina la mwanamke litafukuza wateja. Kamati nayo imesema ni wazo la busara. Na baadhi ya mafundi wameniambia kwa upole kabisa kwamba nitafute kijana wa kiume akae mbele, mimi nifanye kazi ndani.

Ndani? Nimeshakaa ndani. Nimekaa miaka kumi na minane nyuma ya pazia na miezi minne nyuma ya ukuta. Ndani nakujua kote, sina nilichosahau huko.

Anayeona gari lake litaharibika kwa kuwa jina la mwanamke limeandikwa mlangoni, barabara ni ya serikali, alipeleke atakako. Likimzimikia porini, anipigie. Nitakwenda. Na wasichana mnaosoma, na wavulana pia, nafasi sita zimefunguliwa. Sharti langu ni moja tu, uwe na subira ya kupima vipande arobaini na nane bila kuruka hata kimoja.

Namshukuru Sheikh, namshukuru Cecilia, namshukuru Raya. Namshukuru Nassib, ambaye kibao hiki angekipigilia misumari mwenyewe, na angekipigilia vibaya, ningekirudia.

Mheshimiwa, chini ya kitambaa hicho pameandikwa MWANAIDDI, FUNDI WA MAGARI YA UMEME. Nimeandika kwa mkono wangu, na rangi imeshakauka. Asanteni nyote kwa kunipa masikio yenu. Karibu, Mheshimiwa, vuta.